Vitabu vya mimea vyenye picha: maswali yanayojirudia kila siku

Haya maswali nimeulizwa mara nyingi mpaka nayajibu nikiwa nusu usingizi, sasa nimeyaweka pamoja. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana utamu wake, mengine mstari mmoja tu yanatosha.

Kitabu cha kwanza cha mimea chenye picha ni kipi?

Cha kwanza kabisa hakipo tena, kilishapotea. Tunachojua ni kwamba Wagiriki walikuwa na mtu anaitwa Crateuas, alikuwa anachora mimea na kuandika chini yake inatibu nini, na habari zake tunazipata kwa Pliny, Mroma aliyekufa mwaka 79. Pliny mwenyewe hakuzipenda hizo picha. Alilalamika kwamba rangi za mimea ni nyingi mno, wanaonakili wanaharibu, afu mmea hubadilika kila msimu sasa picha moja itakusaidia nini? Mwaka 79 na tayari mtu ameshaona ugonjwa wote wa hii fani!

Kati ya vilivyobaki vya zamani sana kuna kipande cha papirusi kutoka Misri cha karibu mwaka 400, kidogo tu na kimechakaa. Ila kitabu kizima, kikubwa, cha kuangalia ukashika kichwa, ni kile kilichotengenezwa Constantinople (Istanbul ya leo) karibu mwaka 512 kwa ajili ya binti wa kifalme Anicia Juliana. Wakazi wa mtaa mmoja walimpa kama shukrani kwa kuwajengea kanisa. Kina picha karibu 400 za mimea, kila moja ukurasa mzima, na maandishi yake ni ya Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya 1 aliyeandika habari za mimea kama 600 ya dawa.

Kitabu hicho hakikuwekwa kabatini, kilitumika hospitalini kwa karne nyingi, ndo maana pembeni ya picha utakuta majina ya mimea yameongezwa kwa Kiarabu, Kiebrania na lugha nyingine, kila aliyekuja kaongeza lake. Miaka ya 1560 balozi mmoja, Busbecq, akakiona kwa mtoto wa tabibu wa Sultani Suleiman, akaambiwa bei ni dukati 100, yaani sarafu za dhahabu, akashtuka akarudi nyuma, akamsihi mfalme wake akinunue. Kikanunuliwa. Sasa kiko Vienna, maktaba ya taifa ya Austria.

Mbona michoro ya zamani haifanani kabisa na mmea wenyewe?

Hili ndo swali lenyewe, ukilielewa hili umeelewa historia yote. Watu wanadhani wachoraji wa zamani hawakujua kuchora. Sio kweli. Angalia kile cha mwaka 512, majani yamekaa kama majani, mizizi imekaa kama mizizi. Miaka mia kadhaa baadaye unakutana na mmea uleule umekuwa kama pambo la kitambaa, majani yote sawasawa kushoto na kulia, ua halieleweki ni la nini.

Kilichotokea ni kopi ya kopi ya kopi. Mnakili yuko chumbani anaangalia kitabu, haangalii mmea, na pengine mmea wenyewe hauoti hata kule anakoishi. Aliyemtangulia alifupisha jani, yeye anafupisha kidogo tena, anayefuata anaona lile jani fupi halijakaa vizuri analilinganisha na la upande wa pili, na hivyohivyo mpaka mwisho hamna mtu anayeweza kutoka nje na kile kitabu akaupata huo mmea. Na hapo kumbuka tunaongelea dawa, mtu anachemsha anakunywa.

Kwa hiyo mimi nikipewa kitabu chochote cha mimea, cha karne yoyote, swali langu la kwanza ni moja: huyu aliyechora aliuona mmea, au aliona picha ya mwenzake?

Kweli waliamini kuna mzizi unaopiga kelele?

Wapo walioamini. Ni mandragora, ile ambayo Biblia ya Kiswahili inaiita tunguja. Mzizi wake mara nyingi umegawanyika kama miguu ya mtu, basi vitabuni wakauchora kama mwanamume au mwanamke kamili, nywele ni majani. Hadithi ikawa ukiung'oa unalia na anayesikia anakufa, kwa hiyo unamfunga mbwa kwenye shina avute yeye. Utamkuta mbwa wa watu kachorwa pale pembeni na kamba yake, masikini.

Waarabu walichangia nini, au walitafsiri tu?

"Tu" hiyo itoe. Dioscorides alitafsiriwa Baghdad karne ya 9, Istifan ibn Basil akifanya kazi na Hunayn ibn Ishaq akasahihisha, lakini majina mengine ya mimea hayakuwa na neno la Kiarabu, yakaachwa kwa Kigiriki yaeleweke mbele ya safari. Karibu mwaka 948 mfalme wa Constantinople akampelekea khalifa wa Cordoba, huko Uhispania, Abd al-Rahman wa 3, nakala ya Kigiriki yenye picha. Tatizo: pale Cordoba hamna aliyesoma Kigiriki hicho. Ikabidi aombwe mtaalamu, akatumwa mtawa anaitwa Nicholas mwaka 951, wakakaa na matabibu wa pale, Waislamu na Wayahudi, wakalinganisha picha na mimea waliyoijua.

Hapo picha ilifanya kazi ambayo neno lilishindwa. Jina linagoma kuvuka lugha lakini umbo la jani linavuka. Baadaye Ibn al-Baytar, aliyekufa 1248, akaandika habari za vitu vya dawa na vyakula zaidi ya 1,400, na alikuwa anatembea kuitafuta mimea mwenyewe.

Na nje ya Ulaya na Uarabuni?

China wamo toka zamani. Ninachokipenda ni kile cha 1406 cha Zhu Su, mwana wa mfalme wa nasaba ya Ming, mimea 414 yenye picha, na lengo lake ni njaa: mtu wa kawaida ajue kipi cha porini anaweza kula mazao yakikauka. Jamaa aliipanda bustanini kwake akaifuatilia ikikua ndo ikachorwa. Afu kuna tabibu Li Shizhen, kazi yake ya dawa ilichapishwa Nanjing 1596, yeye akiwa ameshafariki, ina vitu 1,892 na picha zaidi ya 1,100, ila nitasema ukweli, maandishi yake yanazizidi picha kwa mbali.

Mexico kuna kitabu cha 1552, mganga wa Kiazteki Martín de la Cruz ndiye mwenye maarifa, Juan Badiano akayageuza kuwa Kilatini, na picha zimepakwa rangi kali nzuri sana na wachoraji wa kulekule, wengine wakichora hadi mawe na wadudu kwenye mizizi kuonyesha mmea unaota wapi. Kilipelekwa Uhispania, kikaishia Vatikani, na mwaka 1990 Papa Yohane Paulo wa 2 akakirudisha Mexico.

Mashine ya uchapaji ilipokuja picha zikawa nzuri moja kwa moja, si ndio?

Hapana, mwanzoni ilikuwa kinyume! Mashine inazalisha kosa fasta kuliko mnakili. Vitabu vya Mainz vya miaka ya 1480, kwa Peter Schöffer aliyewahi kufanya kazi na Gutenberg, vingine vina picha nzuri kiasi, ila nyingi bado ni zile za kunakili, sasa zikitoka nakala mamia zote na jani baya lilelile.

Mabadiliko yenyewe ni 1530, Strasbourg. Otto Brunfels akatoa kitabu ambacho maandishi yake ni ya kawaida sana, amekusanya maneno ya wakale, lakini mchoraji wake Hans Weiditz alikaa mbele ya mmea halisi. Na alichora alichokiona, sio anachotakiwa kukiona. Jani limenyauka, amelichora limenyauka. Limeliwa na wadudu, tundu lipo. Shina limevunjika, limevunjika. Wengine wanamkosoa kwamba anachora mmea mmoja mmoja badala ya aina, na wana hoja, lakini baada ya miaka elfu ya kopi mimi namsamehe.

Mwaka 1542 akaja tabibu Leonhart Fuchs, kitabu chake kikachapwa Basel, picha zaidi ya 500. Yeye akaenda njia nyingine: mmea mzima, mzizi mpaka ua, bila kasoro, na wakati mwingine ua, tumba na tunda pamoja kwenye tawi moja hata kama porini havitokei siku moja. Alikataza wachoraji wasijaze vivuli na mbwembwe. Humo kuna mojawapo ya picha za mwanzo za mahindi na pilipili zilizochapwa Ulaya, mahindi akayaita nafaka ya Uturuki wakati yametoka Amerika.

Hao wawili ndo mpaka leo watu wanabishana kwao: uchore mmea huu ulioko mbele yako, au mmea kwa ujumla wake?

Wachoraji walikuwa wanatajwa?

Mara chache. Fuchs alifanya kitu cha ajabu, mwishoni mwa kitabu kaweka sura za watu watatu: Albrecht Meyer aliyechora, Heinrich Füllmaurer aliyehamishia kwenye mbao, na Veit Rudolf Speckle aliyechonga. Wengi sana wengine hatuna hata herufi moja ya jina.

Kuna tofauti gani ya mbao, shaba na jiwe? Nikiona picha nitajuaje?

Hizi ni njia tatu za kuchapa picha. Mbao: unachonga kila kitu unakiondoa, unaacha mstari tu umesimama, wino unakaa juu ya mstari. Faida yake kubwa ni kwamba kibao kinaingia kwenye mashine ileile pamoja na herufi, kwa hiyo picha na maneno vinakaa ukurasa mmoja na bei inakuwa chini. Hasara, mstari unakuwa mnene.

Shaba ni kinyume, unachimba mstari ndani ya bamba, wino unaingia shimoni, unafuta juu, afu unabana karatasi kwa nguvu mpaka inyonye. Mstari unatoka mwembamba kama unywele, unaweza kuchora vinyweleo vya jani. Lakini inataka mashine yake peke yake, na gharama juu. Kazi ya kupigia mfano ni ya Basilius Besler, mfamasia wa Nuremberg, 1613, mabamba 367 ya mimea ya bustani ya askofu wa Eichstätt, imepangwa kwa misimu. Askofu alikufa mwaka mmoja kabla kitabu hakijatoka, na bustani yenyewe ikaharibiwa vitani 1634, kwa hiyo leo bustani ni kitabu.

Jiwe, yaani lithografia, lilikuja mwishoni mwa karne ya 18: unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe, unalowesha maji, wino unashika penye mafuta tu. Hamna kuchonga. Ndo maana mtu kama Walter Hood Fitch, karne ya 19, aliweza kuchapisha michoro karibu 10,000 maishani mwake, anachora mwenyewe moja kwa moja kwenye jiwe.

Kuzitambua: tafuta ule mbonyeo wa mstatili kuzunguka picha, ukingo wa bamba lilipobana karatasi. Ukiuona, hiyo ni shaba.

Na rangi je, zilichapwa?

Kwa muda mrefu hapana, zilipakwa kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine, na ndio maana nakala mbili za kitabu kimoja unakuta ua moja la bluu lingine zambarau. Jarida la mimea la Curtis lililoanza Uingereza 1787 liliendelea kupaka kwa mkono hadi 1948, fikiria hapo vita kuu mbili zimeshapita na watu bado wamekaa na brashi.

Redouté, yule mchoraji wa kitabu cha mawaridi cha 1817 hadi 1824, alitumia bamba lenye vinukta vidogovidogo badala ya mistari, bamba moja linapakwa rangi kadhaa kwa wakati mmoja, afu mtu anamalizia kwa brashi. Matokeo yake ni laini mno. Wengine wanasema ni marembo, mimi nasema jamaa alijua botania yake, hesabu miiba uone.

Mchoraji Ferdinand Bauer alikuwa na mbinu nyingine. Akiwa safarini hakuwa na muda wa kupaka, basi anachora kwa penseli na kuandika namba, kila namba ni rangi fulani kichwani kwake, safari ya Australia namba zilikaribia elfu. Miaka baadaye anakaa anapaka kama alivyoona jana.

Angalizo: kijani cha zamani kilichotengenezwa kwa kutu ya shaba kinakula karatasi. Utaona jani limekatika lote, limebaki tundu lenye umbo la jani.

Ni kweli walikuwa wanaibiana picha?

Kuibiana, kuazimana, kukodishana, vyote. Kuchonga vibao ilikuwa ghali kwa hiyo kibao kilikuwa mali. Plantin, mchapaji wa Antwerp, alitumia vibao vilevile kwa waandishi tofauti watatu, na jumba lake, sasa makumbusho, bado linavitunza kwa maelfu.

Kituko zaidi ni kitabu cha mimea cha John Gerard, London, 1597. Picha kama 1,800, karibu zote vibao vya kukodi kutoka Frankfurt, na sehemu nyingine akaweka picha siyo kwenye maelezo siyo, mpaka mchapaji akamwita mtaalamu mwingine aje kusahihisha na Gerard akakasirika. Mwishoni mwa kitabu kuna mti unaozaa mabata bukini, na anasema kaona kwa macho yake, sawa bwana. Lakini zile picha chache zilizo mpya kabisa, mojawapo ni ya kiazi mviringo, ya kwanza kuchapwa, ingawa asili yake aliikosea akasema Virginia. Mwaka 1633 Thomas Johnson, mfamasia, akakisahihisha kitabu chote. Mwaka huohuo alipata mkungu wa ndizi kutoka Bermuda, akautundika dukani kwake watu wakashangae, akauchora na kuuingiza kitabuni. Huyo aliona mmea.

Wanawake walikuwepo?

Walikuwepo na baadhi ndo bora kuliko wote.

Maria Sibylla Merian alikuwa na miaka 52 alipopanda meli 1699 na binti yake kwenda Suriname, Amerika Kusini, akachora wadudu wakiwa juu ya mmea wanaoula, kitabu kikatoka Amsterdam 1705 na mabamba 60. Kwenye mmea mmoja wa maua mekundu na njano aliandika alichoambiwa na wanawake watumwa, wenyeji wa asili wa kule na Waafrika: mbegu zake walizitumia kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Ukurasa una ua zuri na chini yake maneno hayo.

Elizabeth Blackwell, London, mume wake kafungwa kwa madeni. Akaenda kukaa jirani na bustani ya Chelsea, akachora, akachonga shaba na kupaka rangi mwenyewe, mabamba 500 kati ya 1737 na 1739, mume kule gerezani anamsaidia majina ya lugha nyingine. Deni likalipwa, mume akatoka, akaenda Sweden akajiingiza kwenye siasa, akakatwa kichwa 1747. Huyo bwana hapana kwa kweli.

Anna Atkins, 1843, alilaza mwani juu ya karatasi yenye kemikali ya chuma akaiweka juani, ikatoka picha nyeupe kwenye bluu. Ndo kitabu cha kwanza duniani kuwa na picha za namna ya fotografia, na ni cha mimea ya baharini.

Wenyeji waliotoa maarifa walitajwa?

Kwa kawaida hawakutajwa. Mfano wa kinyume ni kazi ya mimea ya Malabar, India, juzuu 12, Amsterdam 1678 hadi 1693, chini ya gavana Mholanzi van Rheede. Humo tabibu Itty Achudan ana cheti chake kimechapwa kwa maandishi ya lugha yake ya Kimalayalam, anasema haya ni maarifa yaliyo kwenye vitabu vya ukoo wake. Tafsiri ya Kiingereza ilikamilika 2003.

Nani alikuwa na hela ya kununua vitu hivi?

Matajiri, na hata hao hawakutosha. Kitabu cha mimea ya Ugiriki kilichopambwa na Bauer, mabamba 966, kilianza na wanunuzi 25 tu. Bateman alitoa kitabu cha okidi za Mexico na Guatemala nakala 125, kila moja inazidi kilo 17, na alikuwa na ucheshi wa kuweka humohumo katuni ya watu wanakinyanyua kwa kapi. Thornton, Mwingereza aliyetoa kitabu cha maua, ndo alifilisika kabisa, bunge likamruhusu achezeshe bahati nasibu kufidia, haikumwokoa.

Si kuna kamera sasa, bado wanachora za nini?

Kamera inakupa mmea huu, leo, na jua hili, jani la mbele limeficha la nyuma. Mchoraji anaweza kukata ua katikati aonyeshe ovari, sehemu inayobeba mbegu, kuweka tunda la mwezi wa pili pembeni ya tumba la mwezi wa kumi, kufuta tope. Ni ile hoja ya Fuchs. Afu yapo majina ya kisayansi yaliyotolewa na Linnaeus, mwanasayansi Msweden, ambayo kielelezo chake rasmi ni picha kitabuni, sio mmea uliokaushwa, yaani mtu akibisha jina hilo ni la mmea upi, mnafungua picha.

Ile hati ya Voynich vipi, ile mimea ni ya wapi?

Ni kitabu cha ajabu kilichoandikwa kwa mkono kwenye ngozi, na hiyo ngozi imepimwa, ni ya kati ya 1404 na 1438, kiko chuo kikuu cha Yale, Marekani. Maandishi hayajasomeka na mimea mingi haifanani na kitu. Kila mwaka kuna mtu kaifumbua, mwaka unaofuata anakuja mwingine.

Nimeona ukurasa wa zamani wa maua unauzwa kwenye fremu. Ni halali?

Mara nyingi halali, ila ujue huo ukurasa ulikuwa kwenye kitabu. Kuna watu wananunua kitabu kizima wanakichanachana, kwa sababu kurasa 200 mojamoja zinaleta hela kuliko kitabu. Mimi sinunui. Ukitaka ya ukutani, chapa kopi ya skani, uache vitabu vilivyobaki vipumue.

Naweza kuviona bure?

Ndio, vingi sana. Biodiversity Heritage Library ni maktaba ya onlaini iliyoanzishwa 2006, imeskani mamilioni ya kurasa, unadaunlodi bila kulipa. Cha kufanya, chagua mmea mmoja unaoujua vizuri, ambao umeushika kwa mkono, afu utafute kitabu kwa kitabu kuanzia wa karibuni kurudi nyuma. Kuza picha mpaka uone majani yanaotaje kwenye shina, mawilimawili au mojamoja kwa kupishana. Aliyekuwa ananakili bila kuuona mmea huanza kukosea hapohapo.